Leseni ya Fundi Marekani: Unaiomba kwa Jimbo au kwa Mji? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Simu nyingi ninazopigiwa huanza hivi: "Kaka, nimepata kazi ya kuweka soketi na taa kwa jamaa, mji wa jirani tu hapa. Leseni yangu itakubalika?" Nami huuliza kwanza, "Uko jimbo gani?" Nimevuta waya Pennsylvania miaka kadhaa kabla ya kuhamia Texas, na kwa upande wa leseni majimbo hayo mawili ni mbingu na ardhi. Nimeona niyaandike majibu mahali pamoja, nisiwe nayarudia kila Jumamosi. Yanawahusu zaidi mafundi umeme, bomba na viyoyozi, na wale wa ukarabati wa nyumba, maana ndiko ndugu zetu wengi wanakopata riziki.

Kwani Marekani hakuna leseni moja ya nchi nzima?

Hakuna. Kulinda usalama na afya ya raia ni kazi ya majimbo, na leseni za ufundi zimo humo. Majimbo ni 50, na kila moja lina utaratibu wake. Jimbo laweza kutoa leseni lenyewe, laweza kuiachia miji na kaunti, au laweza kugawana nazo: umeme na bomba zangu, rangi na vigae shughulikieni ninyi. Mji nao hauna madaraka uliyojizalia. Unayo yale tu ambayo katiba na sheria za jimbo zimeukabidhi. Ndiyo maana bunge la jimbo likiamua, laweza kufuta leseni za miji yake yote kwa sheria moja. Limefanya hivyo Florida kwa baadhi ya kazi, nitafika huko.

Waliotoka nyumbani huchanganyikiwa hapa. Tanzania fundi umeme anafuata leseni EWURA, mamlaka ya kitaifa ya nishati na maji, na karatasi ile inatambulika Tanga kama inavyotambulika Mbeya. Mkenya atauelewa mfumo wa huku haraka kidogo, kwa sababu mkandarasi wa Kenya anajisajili NCA, mamlaka ya kitaifa iliyoundwa kwa sheria ya 2011, halafu ramani ya jengo anaipitisha kaunti. Huko tayari ana wakubwa wawili, na huku anaweza kukuta watatu.

Leseni, usajili, kibali: si kitu kimoja?

Si kitu kimoja hata kidogo. Matatizo mengi niliyoyaona, na moja langu mwenyewe, yalianzia kwenye kuchanganya hayo matatu.

Leseni ni ya mtu. Inasema huyu amefanya kazi saa kadhaa chini ya fundi mkubwa, amefaulu mtihani, anajua anachogusa. Usajili ni wa biashara. Unasema kampuni hii ipo, ina anwani, ina bima, mteja akidhulumiwa anajua pa kuipata. Kibali ni cha kazi yenyewe, kwenye nyumba ile, na kazi ikiisha nacho kimeisha. Kibali ndicho kinachomleta mkaguzi.

Sasa nikusimulie langu. Pennsylvania haina leseni ya jimbo ya fundi umeme. Ina usajili wa wakarabati wa nyumba katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo, ulioanza 1 Julai 2009. Unajaza fomu, unalipa ada, unaonyesha bima, unapewa namba. Mtihani hakuna. Mimi namba nilipoipata niliibandika kwenye gari kwa herufi kubwa, nikajiona nimemaliza. Nikachukua kazi katika mji mmoja mdogo: kutoa paneli ya umeme ya ampea 100 na kuweka ya 200. Kampuni ya umeme ikakata laini asubuhi, nikafungua paneli kuukuu, nikapanga breka mpya. Mchana akaja mkaguzi, mzee mmoja mpole, akaomba leseni ya mji. Nikamwonyesha namba ya jimbo. Akaisoma, akanirudishia. "Hii inasema wewe ni nani," akaniambia. "Haisemi unajua nini."

Akabandika karatasi ya kusimamisha kazi mlangoni. Kampuni ya umeme hairudishi laini mpaka mkaguzi apitishe, na mkaguzi hapitishi kazi ya mtu asiye na leseni ya mji wake. Ilibidi nimtafute fundi wa mji ule aichukue kazi kwa jina lake, nimlipe, nami nisimame pembeni kama kibarua. Mama mwenye nyumba alitoa kuku na samaki wote kwenye friza akawapeleka kwa jirani. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Niambie basi, majimbo gani leseni ni ya jimbo na yapi ni ya mji?

Sitayataja yote. Nitataja yale ambayo Waswahili wengi hunipigia simu kutoka kwake.

Texas, umeme, bomba na viyoyozi ni vya jimbo. Lakini mkandarasi wa jumla wa nyumba hana leseni ya jimbo, na mwezeka paa pia hana. Ukiona gari lenye maneno "mwezekaji mwenye leseni ya Texas", anza kujiuliza maswali.

California ni ya jimbo karibu kwa kila kitu. Bodi yake ya wakandarasi, CSLB, ipo tangu 1929. Mji utakudai kodi ya biashara, lakini haukupi mtihani wake wa ufundi.

New York ni ya miji na kaunti. Jiji la New York lina masta wake wa umeme, yaani fundi wa ngazi ya juu kabisa, ambaye lazima awe na uzoefu wa miaka saba na nusu. Ukivuka kwenda Long Island, kaunti ya Nassau ina leseni yake ya ukarabati wa nyumba, Suffolk ina yake, na ya huku haifanyi kazi kule. Nawafahamu mafundi wenye leseni nne kwenye pochi, na wote wanafanya kazi katika eneo la mwendo wa saa moja na nusu kwa gari.

Illinois imechanganya. Fundi bomba na mwezeka paa wana leseni ya jimbo, ila Chicago inawapa mafundi bomba wake leseni yake yenyewe. Umeme umeachiwa miji. Ohio nayo imegawa kwa aina ya jengo: kazi za majengo ya biashara katika umeme, bomba na viyoyozi zinataka leseni ya bodi ya jimbo, na nyumba za familia moja hadi tatu zimeachiwa miji. Kwa hiyo ndugu wa Columbus, usishangae kuambiwa unaruhusiwa kwenye nyumba huruhusiwi kwenye duka la jirani yake.

Texas ilifikaje kwenye leseni ya jimbo?

Kwa upande wa umeme si zamani. Hadi 2004 kila mji ulikuwa na mitihani yake, na fundi wa Dallas alikuwa mgeni akifika Fort Worth. Bunge lilipitisha sheria 2003, na kuanzia 1 Septemba 2004 leseni ikawa moja, chini ya idara ya jimbo inayofupishwa TDLR. Ngazi zake: unaanza mwanagenzi, umri miaka 16 na kuendelea. Ukifikisha saa 8,000 chini ya masta, na kufaulu mtihani, unakuwa fundi kamili, huku tunamwita jonimeni. Saa 12,000, pamoja na miaka miwili ya ujonimeni, ndipo unaruhusiwa kukalia mtihani wa masta. Saa 8,000 ni kama miaka minne ya kazi ya kutwa, usidanganywe na matangazo ya "leseni ndani ya miezi mitatu".

Mji haukuondolewa kabisa. Kibali bado unakiomba kwa mji, na mkaguzi ni wa mji. Nje ya mipaka ya mji mara nyingi hakuna mkaguzi wa kukugongea mlango, lakini leseni ya jimbo inatakiwa vilevile. Hapa ndipo wengi wanapojidanganya: hakuna kibali, basi wanadhani hakuna leseni.

Bomba lina historia ndefu na ya huzuni zaidi. Tarehe 18 Machi 1937, katika mji wa New London mashariki mwa Texas, gesi ilivuja chini ya shule bila mtu kuisikia, kwa kuwa wakati ule gesi asilia haikuwa na harufu. Ikalipuka. Walikufa karibu watu 300, wengi wao watoto. Ile harufu mbaya unayoisikia leo ukisahau kufunga jiko ilianza kuwekwa kwa sheria baada ya msiba ule. Miaka kumi baadaye, 1947, Texas ikapitisha sheria ya leseni za mafundi bomba.

Halafu 2019 ikatokea ajabu. Bodi ya mafundi bomba ilikuwa imefikia ukomo wake wa kisheria, na bunge likafunga kikao bila kuiongezea muda. Maana yake, jimbo zima lilikuwa linaelekea kubaki bila sheria ya leseni za bomba. Mafundi wakaandamana hadi Austin. Gavana Greg Abbott akaiokoa kwa amri yake mwezi wa Juni, akitumia hali ya dharura iliyotokana na kimbunga Harvey, hadi bunge lilipoiongezea muda 2021. Wanaosema leseni ni urasimu mtupu nawakumbusha wiki zile. Waliokuwa wakipiga kelele kuidai leseni ni mafundi wenyewe.

Na Florida? Nasikia leseni za miji zimefutwa.

Kweli, ila si kama wanavyosimulia vijiweni. Florida kwa muda mrefu ilikuwa na makundi mawili ya wakandarasi. Wa kwanza amethibitishwa na jimbo na anafanya kazi popote. Wa pili amesajiliwa kwa leseni ya kaunti au mji, na mipaka yake ni hapo hapo. Juu ya hao, kaunti nyingi zilikuwa na leseni za kazi ambazo jimbo halina habari nazo.

Sheria ya 2021 ikasema mwisho: kaunti na miji isitoe wala isidai leseni kwa kazi ambazo haziko kwenye makundi ya jimbo. Ikataja kwa majina: kupaka rangi, sakafu, makabati, ukarabati wa ndani, kazi za fundi kiraka, vigae na marumaru, plasta, na nyinginezo. Leseni zilizokuwepo zikapewa muda wa kuisha, 1 Julai 2023, na muda huo ukasogezwa zaidi ya mara moja kwa sababu kaunti na wakandarasi walilia kwamba kuna mafundi wa kazi nzito watakaobaki hawana pa kushika.

Kilichobaki palepale ni umeme, bomba, paa, viyoyozi na ujenzi wenyewe. Hizo zinataka leseni kama zamani. Nimeulizwa na kijana mmoja wa Jacksonville kama "sasa Florida umeme ni huru". Hapana, bwana mdogo.

Florida ina sababu ya kuwa na msimamo wa jimbo kwenye mambo mazito. Kimbunga Andrew cha 1992 kilizoa mitaa mizima kusini mwa Miami, na walipochunguza mabaki wakakuta paa zilizopigiliwa ovyo na ukaguzi uliofanywa kwa macho tu. Kanuni za ujenzi zilikuwa za kila mji na kila kaunti. Mwezi Machi 2002 ikaanza kutumika kanuni moja ya ujenzi kwa jimbo zima.

Kwa nini miji inang'ang'ania leseni zake?

Watu hujibu haraka: hela za ada. Ada zimo, sikatai. Lakini kuna mambo mawili yenye uzito.

La kwanza, mji unayajua majengo yake. Chicago inataka nyaya za ndani ya nyumba zipite kwenye mabomba ya chuma, hata nyumba ya kuishi ya familia moja. Sehemu kubwa ya nchi, Texas ikiwemo, tunavuta kebo yenye ganda la plastiki, tunaipigilia kwenye mbao, kazi inakwenda. Fundi wa Texas ambaye hajawahi kukunja bomba la chuma, akipelekwa Chicago Jumatatu, hadi Ijumaa atakuwa ameharibu bomba za dola mia mbili. Mtihani wa mji unamkamata mtu huyo kabla hajaingia kwenye ukuta wa mteja.

La pili, mji uko karibu. Fundi akiharibu, mkaguzi anamjua kwa sura, mteja anajua ofisi ya kwenda. Bodi ya jimbo iko mbali na malalamiko huchukua muda.

Kuna na la tatu ambalo si la leseni lakini linafanana nalo. Austin 2010, na Dallas 2015, zilipitisha kanuni ya kumpa mfanyakazi wa ujenzi mapumziko ya dakika kumi kila saa nne, anywe maji, akae kivulini. Ukishafanya kazi juu ya paa Texas mwezi wa Agosti unajua dakika kumi ni nini. Mwaka 2023 bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuizuia miji kutunga kanuni katika nyanja nzima nzima, na kanuni hizo za maji zikawa miongoni mwa zilizolengwa. Houston ikaenda mahakamani, miji mingine ikaungana nayo. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba kila kitu kikipelekwa jimboni ni nafuu kwa fundi, mwambie atazame kitu gani kinapelekwa.

Na wewe unaunga mkono upi?

Leseni iwe ya jimbo, kibali na ukaguzi viwe vya mji. Karibu ndivyo Texas ilivyo kwenye umeme, na nimefanya kazi chini ya mifumo yote miwili. Ujuzi wa mtu haubadiliki akivuka barabara. Udongo, mabomba ya zamani na kanuni za mtaa ndivyo vinavyobadilika, na hivyo ni vya mkaguzi.

Sababu yangu kubwa niliijua siku nilipohama. Miaka yangu ya Pennsylvania haikuwa na karatasi ya jimbo ya kuithibitisha. Wenzangu waliotoka Oklahoma na Arkansas, ambako kuna leseni ya jimbo, walikuta makubaliano ya kutambuana kwa ngazi ya jonimeni. Wakajaza fomu, wakalipa. Mimi nilianza kuwasaka watu. Masta niliyefanya kazi chini yake alikuwa amestaafu na kubadilisha namba ya simu. Nilimpata kupitia kwa binti yake, akanisainia saa zangu kwenye meza ya jikoni kwake, karatasi baada ya karatasi, akisoma kila tarehe kwa kidole. Angekuwa ameshafariki, ningeanza upya na saa sifuri.

Wanaosema leseni zimezidi wana hoja?

Wanayo. Ripoti ya Ikulu ya Marekani ya 2015, enzi za Obama, ilionyesha kwamba takriban robo ya wafanyakazi nchini wanahitaji leseni kufanya kazi zao, wakati miaka ya 1950 walikuwa chini ya asilimia 5. Kumdai mpaka rangi mtihani na ada mji hadi mji ni kumfungia mlango maskini, na mgeni ndiye wa kwanza kugongwa pua. Kwa rangi na vigae, Florida walifanya la maana. Umeme na gesi ni habari nyingine, vinaua mtu asiyekuwemo kwenye makubaliano: mpangaji wa juu, mtoto wa jirani.

Nina cheti cha VETA, au Grade Test ya Kenya. Kinafaa huku?

Hakikupi leseni moja kwa moja. Kinaweza kusaidia kuonyesha uzoefu, na kila bodi ina namna yake ya kuupima, kwa hiyo kitunze, kitafsiri, na barua za waajiri wa nyumbani zije na tarehe na saa za kazi. Barua ya "amefanya kazi nasi vizuri, ni mwaminifu" haina thamani hapa.

Na usikasirike ukiambiwa uanze kama mwanagenzi. Nilikasirika, baadaye nikaelewa. Nyumbani ni volti 230, huku soketi ya kawaida ni 120, na jiko au mashine ya kukaushia nguo ni 240. Rangi za nyaya ndizo zinazotisha zaidi. Majengo yetu ya zamani yalifuata Waingereza: nyekundu ni moto, nyeusi ni nyutro. Huku nyeusi ndiyo moto, nyutro ni nyeupe. Mkono uliozoea miaka kumi kwamba nyeusi haina neno ni mkono wa hatari. Wiki yangu ya kwanza nilikuwa naishika ncha ya nyeusi bila kupima, hadi jonimeni wangu akanipiga kofi la mkono na bisibisi ikaruka.

Mimi si fundi umeme. Napaka rangi, naweka vigae, narekebisha milango. Nahitaji nini?

Inategemea jimbo na kiasi cha kazi. California, tangu 1 Januari 2025, kazi isiyofika dola 1,000 kwa jumla, vifaa na ufundi, isiyohitaji kibali na usiyoajiri mtu kuifanya, huhitaji leseni. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa dola 500. Florida kazi ndogondogo zisizofika dola 2,500 zina msamaha, ila msamaha huo haukupi ruhusa ya kugusa umeme wala bomba. Usiigawe kazi moja kubwa vipande vipande ili kila risiti iwe chini ya kikomo. Sheria imeshalifikiria hilo.

Pennsylvania ukiwa na mapato ya ukarabati yanayofika dola 5,000 kwa mwaka unajisajili. Kazi inayozidi dola 500 inataka mkataba wa maandishi wenye namba yako. Wengi wetu tunamaliza kwa mdomo na kupeana mikono; mteja akigeuka, huna pa kusimama.

Nina leseni ya jimbo na kibali cha mji. Nimemaliza?

Bado kuna serikali kuu. Ukigusa gesi ya kiyoyozi, unahitaji cheti cha shirika la mazingira, EPA, kinachojulikana kwa namba ya kifungu chake, 608. Ukikwangua rangi kwenye nyumba iliyojengwa kabla ya 1978, kampuni yako inatakiwa iwe na cheti cha kazi za rangi yenye risasi. Kanuni hiyo ilianza kutumika 2010. Miji ya mashariki nyumba nyingi ni za kabla ya 1978, na wapaka rangi wetu wengi wako huko huko.

Rafiki yangu ana leseni ya masta. Naweza kuitumia nimlipe kidogo kila mwezi?

Huko ni kukodi leseni, na ni kosa. Texas masta wa umeme hupangwa kwa kampuni moja, na anatakiwa aisimamie kazi kweli. Nyumba ikiungua, wanayemtafuta kwanza ni yeye. Ukitaka kushirikiana naye, akuajiri, saa zako zihesabiwe. Baada ya miaka miwili mitatu utakuwa na kitu chako.

Nikifanya bila leseni kitatokea nini?

Faini unaijua. Usichokijua ni hili: California, fundi asiye na leseni aliyefanya kazi inayotaka leseni hawezi kumshtaki mteja aliyekataa kulipa, na mteja anaweza kudai arudishiwe hata alichokwisha kulipa. Hata kama kazi ni nzuri. Florida nako mkataba wa mtu asiye na leseni mahakama haiutambui kwa faida yake.

Florida wameongeza ukali wa wakati wa dharura. Siku za kawaida kosa la kwanza ni dogo la jinai. Likifanyika wakati gavana ametangaza hali ya dharura, linapanda kuwa kosa kubwa la jinai. Kila baada ya kimbunga kuna vijana wanaopakia ngazi kwenye pikapu kutoka majimbo mengine wakifuata paa zilizong'oka. Kwa mhamiaji ambaye karatasi zake hazijakaa sawa, kosa la namna hiyo laweza kummaliza. Hela ya wiki mbili haifai hatari hiyo.

Nyumba ni yangu mwenyewe. Naruhusiwa?

Mara nyingi ndiyo, ukiwa unaishi humo, lakini kibali kinahitajika palepale. Nyumba ya kupangisha ni jambo jingine, uliza kabla.

Sina namba ya hifadhi ya jamii. Naweza kupata leseni?

California sheria ya 2014 iliwezesha namba ya kodi, ITIN, ikubalike kwenye maombi ya leseni, na bodi ya wakandarasi inaifuata. Kila jimbo lina lake, kwa hiyo soma fomu yenyewe, usisome maoni ya watu chini ya video.

Nikihamia jimbo jingine na leseni yangu?

Arizona 2019 ilikuwa ya kwanza kupitisha sheria pana ya kutambua leseni za majimbo mengine kwa wanaohamia, na nyingine zimefuata kwa namna zake. Faida ni kubwa, lakini inamhusu aliye na leseni ya kutambuliwa. Kabla ya kupakia gari, chukua barua ya uthibitisho wa leseni kutoka bodi ya jimbo unaloondoka, na fomu za saa zako zilizosainiwa na kila masta uliyefanya kazi chini yake, wakati bado anakukumbuka.

Nataka kumpa fundi kazi nyumbani kwangu. Nimkague vipi?

Muombe namba ya leseni, usiombe picha ya kadi. Texas iingize kwenye tovuti ya TDLR, California kwenye ya CSLB, Florida kwenye ya idara yao ya leseni, DBPR. Utaona jina, tarehe ya kuisha, na kama ana adhabu. Kwenye majimbo ya miji, piga simu ofisi ya vibali ya mji ule nyumba ilipo, si ule fundi anakoishi. Uliza maswali mawili: "Huyu ana leseni kwenu?" na "Kazi hii inataka kibali?" Kibali kikitakiwa, kiombwe kwa jina la fundi. Akikuomba wewe mwenye nyumba ukakichukue kwa jina lako, ujue kuna sababu.

Pennsylvania, kwenye kazi kubwa, sheria inamzuia kudai zaidi ya theluthi moja mkononi kabla hajaanza, ukiacha gharama ya vifaa vya kuagiza maalumu. Akitaka nusu leo kwa sababu "bei ya waya inapanda kesho", mwambie waya utaununua mwenyewe, na risiti ubaki nayo.